Uzi: Kabla hujahamishia watu wako kwenye apu yoyote ya kuchati, tafuta kwanza mlango wa kutokea

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka ausome kwa mafungu, ila naomba mchangie kwa sababu hili jambo limenikaa kooni muda sasa.

Niko kwenye kikundi cha watu tunaofundishana kutengeneza programu za wavuti. Tulianza tukiwa 9 tukafika mia na ushee, na kwa karibu miaka minne mazungumzo yetu yote yalikuwa kwenye huduma moja ya kuchati, jina silitaji maana shida sio ya hiyo moja tu. Mtu akikwama anauliza, mwingine anajibu, mwingine anabandika kipande cha msimbo, wa nne anasema hapana hiyo itakusumbua mbele, fanya hivi. Lile lilikuwa daftari letu wote. Mtu mpya akiingia hatumfundishi upya, tunamwambia tafuta humo, lilishajibiwa.

Sasa wenye huduma wakatangaza wanafunga. Siku 30. Wakaweka kitufe cha kupakua data zako, nikashukuru, nikabonyeza, nikapata faili moja la zipu nikalitunza nikalala usingizi mzuri kabisa. Kosa langu lilikuwa hapo, sikulifungua siku ile ile.

Nimekuja kulifungua baada ya huduma kuzimwa. Ndani kuna mafaili ya JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome, moja kwa kila siku. Meseji zipo, ila aliyeandika hana jina, ana namba tu yenye herufi na tarakimu kumi na kitu, na ile orodha ya kusema namba hii ni ya fulani haikuwemo. Picha nazo hazikuwemo, kilichokuwemo ni linki za kwenda kwenye seva zao, ambazo ndo hizo zimezimwa. Kuna sehemu mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini fomu yake inatuma data mara mbili, chini yake namba fulani imejibu maneno mawili tu, "jaribu hivi", halafu linki ya picha. Nikabonyeza, kurasa nyeupe. Chini yake aliyeuliza anaandika "aisee imekubali, asante sana". Nimelitazama lile jibu muda mrefu wakuu. Dawa ilikuwepo, mgonjwa alipona, na mimi nashika karatasi ambayo jina la dawa limefutwa.

Ndo nikaanza kujiuliza, mbona barua pepe zangu za zamani ninazo? Nimeshahama mtoa huduma mara mbili na bado ninazo, majina yapo, tarehe zipo, viambatanisho vimo humo humo ndani ya meseji. Tofauti ni nini?

Tofauti ni kwamba barua pepe haina mwenyewe. Ray Tomlinson alituma ya kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971, na ndo yeye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Mwaka 1982 Jon Postel akaandika SMTP, yaani itifaki, kanuni za namna seva mbili zinavyosalimiana na kupokezana barua. Zikachapishwa wazi, yeyote asome, yeyote atengeneze seva yake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Na hizo kanuni unaweza kuziongea kwa mikono yako, mimi nimefanya hivyo kwenye seva yangu ya majaribio. Unajiunga kwenye mlango namba 25, seva inakusalimia 220. Unaandika HELO na jina lako, inajibu 250 maana yake sawa. Unaandika MAIL FROM unataja mtumaji, 250. RCPT TO unataja mpokeaji, 250. Unaandika DATA, inajibu 354, yaani haya sema. Unaandika barua yako, ukimaliza unaweka nukta peke yake kwenye mstari, 250, imepokelewa. Maneno hayo yaliandikwa mwaka 1982 na seva za leo bado zinayaelewa. Nilivyoona ile 250 ya mwisho nilifurahi kweli, kwa sababu hapo katikati sikuona kampuni yoyote, niliona makubaliano tu.

Hoja yangu ndo hiyo. Watu wakisema intaneti huria wanafikiria mambo ya bure au mambo ya siasa peke yake. Mimi naona kipimo cha kwanza ni kidogo zaidi ya hapo, je, ukitaka kuondoka unaweza kuondoka na vitu vyako na bado ukaongea na uliowaacha? Karibuni.

#2 Mdau

Pole sana mkuu. Ila tuseme ukweli, watu hawajali itifaki. Mtu anataka afungue, aweke namba ya simu, aone watu wake wote wako humo, atume sauti, basi. Barua pepe hiyo unayoisifia imejaa takataka na matapeli, nani anachati na familia yake kwa barua pepe? Uhuria ni maneno ya mafundi. Apu ikifungwa watu wanahamia nyingine maisha yanaendelea.

#3 Mleta uzi

Mkuu hapo juu nakubali nusu. Ni kweli barua pepe imechoka kwenye kuchati, na ni kweli takataka ni nyingi, na uwazi wenyewe ndo umechangia hilo, maana mlango ambao yeyote anaweza kugonga hata tapeli atagonga. Sitaki kuficha hilo.

Ila hiyo "wanahamia nyingine maisha yanaendelea" hapana. Hebu hesabu waliokwenda. AIM ilizimwa Desemba 2017. Yahoo Messenger ikafuata Julai 2018. ICQ ilianza 1996 ikafungwa Juni 2024. Skype, ambayo watu walikuwa wanalitumia jina lake kama kitenzi, imefungwa Mei 2025. Kila mojawapo ilikuwa na watu wenye uhakika kabisa kwamba hii haifi. Na kila ikifa sio wote wanaohama pamoja, wengine mnapoteana hapo hapo. Mimi nina watu niliokuwa naongea nao kila wiki ambao nilikuwa nawajua kwa jina la utani la kwenye huduma moja tu, sina namba, sina barua pepe, ndo basi tena.

Halafu usidhani kuchati kwa uwazi kulishindikana kiufundi. Ulikuwepo na ulifanya kazi vizuri tu. Mwaka 1999 Jeremie Miller alitoa Jabber, ambayo baadaye ikaitwa XMPP na mwaka 2004 ikachapishwa rasmi kama kanuni za intaneti. Anwani yako inafanana na ya barua pepe, jina @ seva, na wa seva hii anachati na wa seva ile bila shida. Google walipotoa Google Talk mwaka 2005 waliijenga juu ya hiyo hiyo, na Januari 2006 wakafungua mlango kwa seva za nje. Yaani wewe una seva yako ndogo chini ya meza, mwenzio yuko Google, mnachati. Kuna wakati hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, wadogo zetu walioingia juzi wanaona kama hadithi.

Mei 2013 Google wakaleta apu mpya ya kuchati, Hangouts. Hiyo haikuwa na mlango wa kuongea na seva za nje. Watu wakahamishwa kidogo kidogo na hakuna aliyetangaziwa kwa kelele kwamba unakatwa. Ukiwa upande wa seva ndogo unachoona ni kwamba rafiki zako wanaanza kuonekana hawapo hewani, mmoja leo, wawili wiki ijayo, unatuma meseji haijibiwi, unadhani amekukasirikia. Kumbe ukuta umejengwa katikati na yeye hajui kama upo.

Na hata WhatsApp, ndani yake ilianza kwa kutumia XMPP iliyofanyiwa marekebisho. Lugha ilikuwa ile ile, ila mlango wa nje hawakuuweka. Kwa hiyo mkuu si kwamba haiwezekani, ni uamuzi wa biashara, na watu hawajali kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa kwamba kulikuwa na njia nyingine. Mbona hakuna anayekubali simu ambayo inapiga kwa wateja wa kampuni hiyo hiyo peke yake? Kwenye kupiga simu tumezoea kuvuka mitandao kiasi kwamba hata hatuoni kama ni jambo la kushukuru.

#4 Mdau mwingine

Nimekuelewa mkuu, ila kuna kitu umekiruka. Meseji za siku hizi zinafungwa kwenye simu yangu na kufunguliwa kwenye simu ya mwenzangu tu, katikati hakuna anayesoma. Ukisema apu zote ziongeane, nani atahakikisha upande wa pili hawavujishi? Mimi naona ukuta mwingine una faida.

#5 Mleta uzi

Swali zuri sana hili, na ndo lenye uzito kuliko yote. Huwezi kuunganisha apu mbili kwa kuweka daraja katikati linalofungua meseji na kuifunga upya, hapo umeua siri yenyewe. Lazima pande zote mbili zikubaliane namna moja ya kufunga, na pia zikubaliane namna ya kujua kwamba ufunguo huu kweli ni wa fulani. Hilo la pili ndo gumu. Umoja wa Ulaya walipitisha sheria yao ya masoko ya kidijitali mwaka 2022, na humo wakasema apu kubwa za kuchati zifungue mlango kwa nyingine zinazoomba, bila kushusha ulinzi wa meseji. WhatsApp na Messenger zimo. Kwa Meta, wenye WhatsApp na Messenger, majukumu hayo yakaanza Machi 2024, na hata sheria yenyewe ilianza na meseji za mtu na mtu kwanza, makundi na kupigiana simu vikapewa miaka zaidi, maana walijua ni kazi ngumu.

Kwa hiyo mkuu sisemi kesho asubuhi kila kitu kiungane. Nasema ukuta ukiwa ni wa ulinzi tuambiwe ni wa ulinzi, na bado tuachiwe tutoke na vitu vyetu. Kunilinda na mwizi ni jambo moja, kunizuia nisihame nyumba ni jambo lingine kabisa, na kampuni nyingi zinapenda kuyachanganya hayo mawili.

#6 Mdau

Mleta uzi umesema mnafundishana programu za wavuti. Wavuti inaingiaje hapa? Maana naona kila mtu siku hizi anakwambia pakua apu yetu.

#7 Mleta uzi

Asante, hapa ndo penyewe nilikuwa napasubiri.

Wavuti nayo ingeweza kuwa na mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 90 kulikuwa na mfumo mwingine wa kutafuta na kusoma habari kwenye intaneti unaitwa Gopher, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na ulikuwa unapendwa kweli. Mwaka 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya wanaoendesha seva za Gopher watalipia leseni. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo CERN, kituo cha utafiti wa fizikia pale Tim Berners-Lee alipobuni wavuti, wakatia saini karatasi wakasema programu ya wavuti tunaiachia umma, atumie yeyote bila kulipa, aibadilishe. Watu wakahamia huko. Sababu hazikuwa hiyo moja tu, wavuti ilikuwa na mvuto wake, ila ile hofu ya leseni iliwafukuza wengi kule.

Kwenye mawasiliano wavuti ilichelewa. Kurasa ilikuwa inaomba, seva inajibu, basi, seva haiwezi kukushtua yenyewe kwamba kuna meseji mpya. Waliotengeneza chati za zamani wanakumbuka, kurasa inagonga kwa seva kila baada ya sekunde chache, kuna jipya? hapana, kuna jipya? hapana, seva inachoka kwa kujibu hapana. Video ndo usiseme, mpaka upachike Flash au kiongezi fulani cha kampuni fulani, na kila kiongezi kina matundu yake ya usalama. Desemba 2011 ikachapishwa WebSocket, kivinjari na seva wanashika laini moja wazi na kila upande unaongea ukitaka. Halafu ikaja WebRTC, Google waliachia msimbo wake mwaka 2011 na Januari 2021 ikawa kiwango rasmi cha W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti. Hiyo ndo inayofanya mtu akutumie linki, uibonyeze, uruhusu kamera, muonane. Bila kupakua chochote.

Mimi nikifundisha watu WebRTC napenda kuwaonyesha inavyohangaika kabla ya picha kutokea. Vivinjari viwili havijuani, na kila kimoja kimejificha nyuma ya ruta yake, hakijui hata anwani yake ya nje. Kinauliza seva moja ndogo inaitwa STUN, mimi huko nje naonekanaje? Inamjibu. Anamtumia mwenzie orodha ya njia zote zinazowezekana, mwenzie naye anatuma zake, halafu wanaanza kujaribu jozi moja moja mpaka ipatikane inayopita. Zikigoma zote, ndo inatafutwa seva ya TURN iwabebee mzigo katikati. Yote hayo yanaisha kabla hujamaliza kusema "unanisikia?" Na kanuni zake zote ziko wazi. Mwanafunzi wangu mmoja alitengeneza chumba cha video cha watu wawili kwa siku tatu, kutoka sifuri, na hakuomba ruhusa kwa mtu.

Ndo maana hiyo "pakua apu yetu" inaniuma. Sio kila apu ni mbaya, kuna kazi zinazohitaji apu kweli. Ila apu inapita kwenye duka la mtu, na mwenye duka anaamua iwemo au isiwemo. Wavuti inafunguka kwa linki. Na hata huko wavuti iko mikononi mwa wenye vifaa, tusijisahau. Februari 2024 Apple walisema kwenye Umoja wa Ulaya wanaondoa uwezo wa programu ya wavuti kukaa kwenye skrini ya iPhone na kufanya kazi kama apu kamili. Watengenezaji wakaandika, wakalalamika kwa wingi, na tarehe 1 Machi wakabadili msimamo wakasema itabaki. Wiki chache tu zile, na watu walikuwa na bidhaa nzima zinazotegemea hiyo.

#8 Mdau mwingine

Hapa nakumbuka ile siku WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima pamoja. Kazini kwetu kila kitu kilisimama, hata zamu tulikuwa tunapanga humo.

#9 Mleta uzi

Tarehe 4 Oktoba 2021, zilizima kwa muda wa kama saa sita hivi. Na chanzo chake kinafundisha. Wao wenyewe walieleza, amri moja ya matengenezo ya kawaida ilikata mtandao unaounganisha vituo vyao vya data. Seva zao za DNS, yaani zile zinazoambia dunia jina hili liko anwani hii, zilipoona haziwezi kufikia vituo zikajitoa kwenye intaneti, zikaacha kutangaza njia ya kufikiwa. Kwa dunia ni kama hayo majina hayajawahi kuwepo. Na mafundi wao walichelewa kurekebisha kwa sababu zana zao za ndani zilitegemea mtandao huo huo.

Siku hiyo barua pepe ziliendelea kwenda. Seva moja ya barua pepe ikizima wanaumia wa seva ile, wengine hawana habari. Sina maana wa barua pepe ni mafundi bora. Kitu ambacho hakina kitovu hakiwezi kuzimwa kwa amri moja.

#10 Mdau

Sawa mkuu, sasa nyie mlihamia wapi? Tusaidie na sisi, kikundi chetu kina watu 60.

#11 Mleta uzi

Kwanza tulijaribu Matrix, itifaki ya wazi ya kuchati iliyoanza 2014, seva yako inaongea na seva za wengine kama barua pepe. Inafanya kazi, na seva tunayo mpaka leo. Ila nisidanganye, kuna watu walibadili simu bila kutunza funguo zao wakajikuta hawasomi meseji zao za nyuma, na wageni wa kompyuta waliona hatua ni nyingi. Kama nusu ya watu wetu walikubali, nusu wakasema wanabaki kwenye apu ambayo ndugu zao wako.

Kwa hiyo tukafanya hivi. Kuchati kwa kila siku kila mtu akae anapopenda, maana salamu na "nani yuko hewani" hata zikipotea hakuna anayekufa. Ila swali likishapata jibu, aliyeuliza ndo ana jukumu la kuliandika upya, swali na jibu, kwa maandishi ya kawaida na msimbo ukiwa maandishi, sio picha ya skrini, anatuma kwenye orodha yetu ya barua pepe, na kutoka hapo linawekwa kwenye kurasa za tovuti yetu yenye jina letu wenyewe. Jina la tovuti ni muhimu, kwa sababu tukihama seva jina linahama na sisi na linki za zamani haziozi. Mwanzoni walinung'unika kwamba ni kazi mara mbili. Sasa hivi wanaoandika majibu ndo wanaoelewa zaidi, hilo sikulitegemea.

Na kingine, kila baada ya miezi mitatu mmoja wetu anapakua data zote na kuzifungua. Anachagua swali moja la zamani na kujaribu kulisoma kwa kutumia faili lile tu, intaneti ikiwa imezimwa. Akishindwa kujua nani alisema nini, au picha ikikataa, tunajua nakala yetu haifai, na bado tuna muda wa kurekebisha.

#12 Mdau wa #10

Mkuu nimesoma hapa nikaenda kupakua ya kwetu sasa hivi. Kama ulivyosema, meseji zina namba tu hazina majina. Picha zipo kwenye folda yake lakini majina ya mafaili hayaeleweki. Huduma bado iko hai lakini. Nifanyeje?

#13 Mleta uzi

Safi sana, uko mahali ambapo mimi sikuwa, bado unaweza kuuliza na ukajibiwa. Usilale leo. Ingia kama msimamizi, fungua orodha ya wanachama, angalia kama wana sehemu ya kuipakua peke yake. Kama haipo basi fungua ukurasa wa kila mwanachama, watu 60 ni kazi ya jioni moja, mara nyingi ile namba inaonekana mwishoni mwa linki ya wasifu wake. Andika kwenye jedwali, namba, jina, na barua pepe yake kama ataridhia. Waliokwisha kuondoka kwenye kikundi ndo watakusumbua, hao tafuta meseji ambazo mtu amewataja kwa jina halafu ulinganishe.

Picha, fungua lile faili la JSON la siku yoyote kwa programu ya kawaida ya maandishi, tafuta meseji yenye picha. Karibu nayo utakuta jina la faili au namba inayofanana na zile za kwenye folda. Ukiiona nibandikie hapa mistari michache, futa majina ya watu kwanza, nitakuandikia kijiprogramu cha kuziunganisha zote kwa mkupuo. Niko hewani mpaka usiku.